Mimi, Msemaji wa Boti ya Luciana

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nimepata cheo! Hakuna aliyenipa, lakini kazi ni yangu.

Dada yangu Luciana anaishi na mumewe ndani ya boti ya matanga. Wanazunguka dunia kama watu wasio na shamba. Sasa wamenunua kifaa cha setilaiti, na hata akiwa katikati ya bahari anaweza kutuma ujumbe mfupi. Ametuma kwangu! Si kwa dada yetu mkubwa Rebeka. Wala si kwa Chediel, mume wa Rebeka, mwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Kinyangiri, anayejiona kama minara yote ya mtandao ilijengwa na babu yake. Kwangu, Naftali.

Nikamsomea Mama. Shikamoo Mama, hatujambo, leo tumeona nyangumi, Petro anakusalimu. (Mkwe wetu ni Mholanzi, anaitwa Piet. Mama jina lilimshinda siku ya kwanza, akambatiza upya.) Mama akauliza nyangumi ni nini. Nikasema ni kama samaki, ila mkubwa kuliko kanisa letu. Kisha akauliza kama boti ina mlango wenye komeo.

Akanipa majibu huku anapepeta mtama. Habari za ndama. Habari za alizeti. Wagonjwa wote wa kijiji, mmoja mmoja. Halafu Zaburi, mwanzo hadi mwisho. Lakini kile kifaa hakipokei maneno mengi, na kidole changu nacho kina haki zake. Nikaandika: Mama mzima.

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya ushindi. Luciana ameandika tena. Shikamoo Mama, tanga lilichanika, nimelishona mwenyewe, vidole vinauma. Nikasoma vizuri, kwa sauti ya huruma. Mwishoni nikaongeza kidogo: Luciana anaomba Naftali achinjiwe yule jogoo mweupe, kwa kazi anayofanya.

Mama akatoka uani. Jogoo yule alikuwa anawekewa mgeni. Lakini mwanao akiomba kutoka baharini utamnyimaje? Akamkamata.

Mtamu sana! Chediel alifuata harufu, akapewa shingo. Akasema ni ajabu, Luciana kujua rangi ya jogoo aliyetotolewa baada ya yeye kuondoka. Nikamjibu kwamba upendo una macho. Wivu ni ugonjwa.

Jibu la Mama leo lilikuwa refu kuliko la juzi. Dawa ya vidole, na jinsi ya kukunja uzi. Nikaandika: Mama mzima, pole.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua ya kwanza imelainisha udongo, ng'ombe wamefungwa plau, na leo hakuna ujumbe. Nikatunga wangu. Luciana anasema mgongo wa Naftali upumzishwe. Plau ashike Chediel, ana nguvu. Mama akapeleka amri. Chediel akashika! Mimi nikakaa kwenye kivuli cha ghala, redio pembeni. Raha iliyoje!

Halafu Mama akaja akakaa karibu yangu. Akauliza kama Luciana alimsalimia. Loo! Nilisahau shikamoo! Nikasema kule maneno huhesabiwa. Akasema, "Shikamoo ni neno moja, Naftali."

Baadaye akasema, kama anazungumza na ungo wake, kwamba bahari imemlia mwanawe adabu. Hakunipa jibu la kutuma. Jioni hakugusa ugali. Niliumaliza mimi, chakula kisitupwe.

Jumamosi, 16 Novemba

Mambo mabaya. Ujumbe wa kweli. Luciana anauliza kama Mama amemkasirikia. Anasema anaandika kwa moyo wake wote, anarudishiwa "Mama mzima" kana kwamba ameuliza hali ya trekta. Je, Mama hana neno lingine naye? Wamefika bandari ya visiwa vya Kabo Verde, kuna mtandao mzuri. Kesho baada ya ibada atapiga simu ya video. Ana habari anayotaka kumwambia Mama mwenyewe, kwa mdomo wake.

Kwa mdomo wake! Maana yake jogoo, plau, shikamoo, vyote hadharani.

Nimefikiri sana, nikapata njia nyepesi. Nitazima simu. Bahari ina mawimbi, mtandao una matatizo, nani atashangaa?

Mama aliuliza kama kuna ujumbe. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Hakuna. Mara ya tatu hakuuliza. Alitazama tu mfuko wa shati langu, simu inapokaa. Sikupenda namna alivyoutazama.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekwisha!

Nilizima simu kabla ya wimbo wa kwanza. Sikuwaza kwamba Luciana akinikosa atampigia Rebeka! Tulipotoka kanisani Chediel alikuwa amesimama uani, simu ya mkewe ameiinua juu kama kombe la mpira. Akina mama wakajaa. Mama akaichukua, akaibandika sikioni.

"Mama, naona sikio tu!" Luciana akapiga kelele.

Chediel akamgeuzia. Wakaonana. Luciana akasema shikamoo. Mama akasema marahaba. Luciana akasema tena shikamoo, Mama akasema tena marahaba, na hakuna aliyeweza kupita hapo. Shangazi mmoja akaanza kujifuta macho.

Ndipo Mama akajikaza. "Luciana, kwa nini unanipangia jogoo wangu na plau yangu kutoka huko majini, tena bila kunisalimia?"

"Jogoo gani, Mama?"

Nikaanza kuondoka polepole, kama mtu anayetafuta mbuzi. Chediel akanishika ukosi.

"Subiri, shemeji. Baharini wanakuulizia."

Luciana naye akauliza kwa nini anajibiwa maneno mawili. Mama akashangaa. Mawili? Yeye alimwambia habari za ndama! Alimsomea Zaburi! Luciana akalia, kisha akacheka, kisha akarudi nyuma hadi tukaona boti, kamba, Petro anapunga mkono, na tumbo la Luciana. Tumbo kubwa, la mimba! Mama alipiga kigelegele mpaka mchungaji akachungulia dirishani. Nami nikapiga changu, kikubwa kuliko vyote, nikidhani kitasaidia.

Hakikusaidia. Hukumu imetolewa pale pale uani. Ujumbe wote sasa unakwenda kwa Rebeka. Plau inakuja kwangu.

Machozi yalinitoka kidogo. Vumbi.

Jumanne, 19 Novemba

Viganja vimechubuka. Chediel amekaa kwenye kivuli cha ghala na redio YANGU. Rebeka anamsomea Mama kila neno, na maneno ya Mama anayatuma vipande vipande hadi amina ya mwisho. Mama anacheka peke yake jikoni. Jana alikula akaongeza. Sawa, nakiri, ni vizuri kumsikia.

Lakini Jumapili Luciana alitaja jambo. Alisema botini wana mtambo unaoonyesha upepo na mvua za dunia nzima, hata za Kinyangiri. Akina mama wote walisikia, wakapeleka habari majumbani.

Leo mzee Mughwai alisimama ukingoni mwa shamba. Nikamwamkia. Akaniuliza mimi, kaka yake Luciana, apande uwele wiki hii au asubiri? Nilitaka kumwambia kwamba nimevuliwa cheo. Nilitaka kabisa. Mdomo ukafunguka, nikajisikia nikisema apande Alhamisi, Luciana ameshaliona wingu, liko njiani.

Mzee ameniahidi kopo la asali. Ameniombea hata baraka!

Nimetazama juu. Anga jeupe pe. Si kitu, Alhamisi bado.

Kesho nitasema plau imevunjika, niende kwa fundi, kijiji cha Misigiri. Kule wakulima wanaosubiri mvua ni wengi, na habari za hukumu yangu hazijawafikia.