Madai ya Benchi Letu Kuhusu Nesi Pole

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Hospitali Kubwa Iliyomchukua Nesi Wetu,
Ng'ambo.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya. Kama si mzima usihofu, wauguzi unao wa kutosha, na mmoja wao ni wetu.

Mimi ni fundi viatu mstaafu na Mwenyekiti wa Benchi la Wagonjwa katika zahanati ya mtaa wetu. Cheo hiki sikuchaguliwa. Nilikipata kwa kukaa kwenye benchi muda mrefu kuliko wenzangu. Nina kidonda cha kisukari kwenye unyayo wa kushoto. Nimeshona viatu vya mtaa mzima, na leo natembea na kiatu upande mmoja na kandambili upande wa pili.

Nesi tunayemdai tunamwita Nesi Pole, kwa sababu husema pole kabla hajakugusa, hivyo maumivu yakifika yanakuta umeshafarijiwa. Mlipomwita tulimfanyia sherehe ya kumuaga, tukacheza, mimi nikacheza kwa mguu mmoja. Kesho yake tulikuja zahanati kama kawaida tukakuta chumba cha vidonda kimetiwa kufuli. Ndipo tulipoelewa tulikuwa tunasherehekea nini.

Hata hivyo yeye hakututupa. Kila akipata mapumziko huko kwako hupiga simu ya video. Mlinzi wa zahanati huishika simu juu ya mguu wangu, na shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme, husafisha kidonda na kukifunga kama anavyoelekezwa. Huo ndio utaratibu wetu, na wewe unauvuruga kama ifuatavyo:

1. Umembadilishia zamu bila kututaarifu. Zamani mapumziko yake yalituangukia mchana. Sasa yanatuangukia alfajiri, benchi zima likipiga miayo na mlinzi akisinzia na simu mkononi. Juzi Nesi Pole alieleza kwa makini sana namna ya kusafisha goti la mlinzi, ambalo halina kidonda.

2. Mgonjwa wako wa kitanda cha dirishani ana kengele, na huibonyeza tukiwa katikati ya kazi. Wiki iliyopita aliibonyeza wakati shemeji ameshika bandeji. Nesi Pole akakimbia, na shemeji kwa kukosa mwongozo akamalizia kwa utepe wa kufungia nyaya. Ulishika vizuri, sikatai, ila kuubandua kulinitoa machozi mbele ya watu. Sisi huku hatuna kengele. Tukitaka huduma tunakohoa.

3. Mgonjwa huyohuyo amejifunza kusema pole. Siku moja Nesi Pole aligeuza simu atuonyeshe wodi, mzee wa watu akauona mguu wangu, akanipa pole kwa matamshi safi. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali kuhusu kengele, nikaishia kumshukuru. Ninalalamika rasmi kwamba neno letu limevuka mpaka bila kibali.

4. Daktari wetu amebaki peke yake. Anatibu, anagawa dawa, anazalisha, anapima watoto uzito, na hakuna wa kumkumbusha kula. Amekonda hadi wagonjwa wanampisha kwenye benchi. Siku alipozidiwa, mama mmoja alielekezwa hospitali ya mbali akajifungulia njiani. Mtoto ni mzima, tunashukuru, lakini mama hataki hata kupita mbele ya zahanati.

5. Hili silifanyii mzaha. Kidonda kinapanuka. Daktari ametaja habari ya kukata mguu, naye aliitaja akitazama ukuta. Nesi Pole angekigusa angejua la kufanya, lakini kwenye simu anaona rangi tu, na kioo chenyewe kina ufa. Mheshimiwa, naupenda mguu huu, na ninaogopa.

Kwa hiyo tunaomba umrudishe. Ikishindikana, litangaze benchi letu kuwa wodi ya hospitali yako, utuwekee kengele, na uje mwenyewe kutukagua. Hilo nalo likishindikana, tutakuja kulazwa huko sote. Benchi tutakuja nalo, tumelizoea.

Najua lugha hii huisomi. Mpe Nesi Pole akusomee, angalau apate kukaa kitako kidogo.

Wasalimie wauguzi wote, wapishi, wafagiaji, na mzee wa dirishani. Mlinzi anakusalimu, na goti lake.

Wako katika kusubiri,
Fundi Viatu,
Mwenyekiti wa Benchi.

N.B. Barua hii ilikaa mezani majuma mawili nikitafuta anwani yako, na mambo yamebadilika kidogo. Tumeletewa nesi mpya, kutoka nchi nyingine kabisa. Lugha yetu anaibahatisha, lakini mkono wake ni mwepesi. Kufuli limetoka, kidonda kinakauka, na daktari siku hizi akizungumza nami ananitazama usoni.

Jana zahanati ilipokea barua kutoka kwao nesi huyo. Nesi mwenyewe ndiye aliyetusomea, maana sisi lugha ya kwao hatuijui, na alisoma polepole sana. Imeandikwa na bibi mmoja ambaye ni mkuu wa benchi la huko na ana kidonda kwenye kifundo cha mguu. Madai yake ameyapa namba kama mimi, na la mwisho hakulifanyia mzaha. Anaomba tumrudishe.

Wenzangu wamenipa mimi kazi ya kumjibu. Mheshimiwa, huyu nesi hatumtoi. Basi jibu lolote ulilokusudia kunikatalia nalo, nakuomba ulitume upesi, nilinakili nimpelekee bibi wa watu. Mimi tangu jana nimeandika neno moja tu, pole, na naona halitoshi.