Ute Ndio Mshenga

Jumatatu, 1 Desemba 1952
Mvua tangu alfajiri. Vyura wa mtaa wetu wa Chemchem hawakulala, nami sikulala. Asubuhi nikaenda kwa Mis Holden kumfundisha Kiswahili. Huyu ni mtaalamu, Mwingereza, aliyekuja Tabora kuchungulia mayai ya vyura kwa hadubini. Anataka kujua mbegu ya dume inavyolishika yai la jike. Amesafiri bahari nzima kwa ajili hiyo. Sikucheka.

Leo alitaka maneno. Mbegu inapolifikia yai na kung'ang'ania kwa nje, Waswahili husemaje? Hatusemi kitu, maana hatukuwahi kuchungulia. Lakini mwalimu hakosi neno. Nikampa "kuposa". Na ule ute unaolizunguka yai, unaoipokea mbegu ya aina yake na kuikataa ya kigeni? Nikasema huyo ni mshenga. Akafurahi sana.

Nikapitia kwa Bi Sikuzani, mjane muuza vitumbua, kukumbusha posa yangu. Akasema atajibu Ijumaa baada ya sala. Mfaume, fundi cherehani, naye ameposa. Mfaume! Alikuwa keshajikalia barazani. Akainuka upesi, akanipigia shikamoo ya kusikika hadi stesheni. Na ananizidi umri! Ningefanyaje mbele ya mwanamke? Nikaitikia marahaba.

Jumanne, 2 Desemba
Mis Holden alinisomea somo lake. "Mbegu wengi huposa. Mshenga huchagua. Mmoja akiingia, yai hufunga mlango, wengine hubaki nje." Nikamsahihisha: mbegu nyingi, si wengi. Kisha nikaelewa nilichosikia. Hufunga mlango! Na Mfaume yuko barazani kila siku!

Nikapata akili papo hapo. Kosa la posa yangu ni mshenga. Nilimtuma jirani yangu Luhende, naye amekwenda shambani Isikizya kupanda mahindi, hana habari. Na hapa mbele yangu mshenga amejaa besini nzima. Mis Holden alipokwenda kuoga, nikaukomba ute kutoka kwenye mayai ya besini moja, nikautia kwenye chupa ya wino. Yai lenyewe sikulidhuru. Mimi si mwizi wa watoto wa watu.

Jumatano, 3 Desemba
Nimejipaka ute ndevuni. Baridi! Nikatoka kwa mwendo wa bwana harusi. Mvua ikakatika, jua likachomoza, kumbikumbi wakatoka ardhini. Hilo sikulipangia. Nilipofika kwa Bi Sikuzani, ndevu zilikuwa zimekauka kama brashi ya viatu, na mabawa ya kumbikumbi yamenata kote. Bi Sikuzani alicheka hadi akakaa chini. Mfaume akaniuliza kama naruka kwenda kwetu Ujiji ili niokoe nauli.

Halafu Bi Sikuzani akaacha kucheka, akauliza kama lile sanduku bado limefungwa. Nikajibu kwa fahari kwamba limefungwa. Nilishuka Tabora nikiwa kijana, mpagazi wa vita vya Mjerumani, nikisubiri njia ya kurudi kwetu Ujiji ifunguliwe. Ilifunguliwa zamani. Treni inapita. Sanduku liko mlangoni, kamba tayari. Naondoka mwezi ujao, inshallah. Akanipa kitumbua. Dalili njema!

Alhamisi, 4 Desemba
Hofu kubwa. Mis Holden anaruka kama chura mwenyewe. Kwenye besini moja mayai yamevuliwa ute, na mbegu zimeyazunguka tu, hakuna hata moja iliyofanikiwa kuingia. Nani kafanya? Nikasema panya. Akasema huyo panya apewe jibini! Maana sasa ameona kwa macho yake: ukimwondoa mshenga, hakuna posa inayopokelewa. Nikainama kwa unyenyekevu, kwa niaba ya panya.

Akaniwekea yai zima chini ya hadubini. Nikakaa sana. Mara likageuka polepole, upande mweusi ukaja juu, kama mtu anayejigeuza kitandani baada ya kuamua kulala. Mis Holden akasema hiyo ndiyo ishara kwamba mbegu imeingia. Na ule mkia wake wa kusafiria? Akasema huyeyuka huko ndani. Wa nini tena, na mwenyewe ameshafika?

Niliusikitikia ule mkia njia nzima.

Ijumaa, 5 Desemba
Siku ya jibu. Nilitoka msikitini mbio, nikafika kabla ya Mfaume. Safari hii ute niliuficha chini ya kofia. Ukanichuruzika hadi shingoni.

Bi Sikuzani alinikaribisha ndani, akasema taratibu. "Mzee Kasongo, wewe unanichekesha. Mfaume ananichosha." Moyo ukaruka! Lakini, akasema, kila akipita kwangu analiona sanduku. Hataki kulala akisikiliza treni, akijiuliza kama mume yumo ndani. Basi nilifungue leo hii, kanzu nizitundike kwenye misumari kwake, naye Mfaume akija atakuta mlango umefungwa.

Nikamweleza kwamba sanduku lililokwisha kufungwa halifunguliwi hivi hivi, nguo zinaharibika mikunjo. Nikasema tuzungumze mwezi ujao.

"Mwezi ujao si unaondoka?" akauliza.

Nikatoka barazani kupangusa ute shingoni. Mfaume akatokea. "Shikamoo, mzee!" Akaingia. Nikabaki nje. Mlango ukafungwa, kama ilivyoandikwa kwenye somo.

Jumamosi, 6 Desemba
Ndoa yao wiki ijayo. Nimekaa, nimetafakari kisomi, nimeliona kosa langu. Ute ulikuwa wa chura! Mis Holden alisema wazi kwamba mshenga huwajua wa aina yake tu. Ulitakiwa ute wa yai linaloliwa na watu. Bi Amne anafuga bata, mjane pia, na nyumba yake iko jirani na stesheni. Inanifaa kwa safari.

Nimetafuta kamba ya kufungia chupa, sikupata, nikaifungua ile ya sanduku. Kifuniko kikainuka chenyewe. Kanzu imekuwa ya manjano. Harufu ya dagaa bado imo, dagaa wa kwetu, wa ziwani. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Kisha nikakata kipande cha kamba kinachotosha chupa, na kwa iliyobaki nikalifunga sanduku upya. Safari hii nimelikaza kwa goti.

Kesho kwa Bi Amne. Mwezi ujao Ujiji.