Mwongozaji Mashuhuri Anirudishie Mwendo Wangu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tuzo ya Filamu Fupi.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wajumbe wako. Najua meza yako imejaa mambo ya watu wakubwa, kwa hiyo sitazunguka mbuyu. Naomba kamati isiipe tuzo ile filamu fupi ya mwongozaji mashuhuri, aliyoitengeneza kwa heshima ya mume wangu. Ikiwezekana ifungiwe kabatini na ufunguo upotee.

Mume wangu alitengeneza filamu zamani, zote ndani ya nyumba yetu, maana hakuwa na mahali pengine. Mtaani walimwita Bwana Tena, kwani akiwa nyuma ya kamera hakuwa na neno jingine. Katika kila filamu yupo mwanamke anayepita mlango wa jikoni na beseni la nguo. Mwanamke huyo ni mimi. Siku hizi wataalamu wanaandika mengi juu ya beseni lile, lakini mimi sikuwa naigiza, nilikuwa nafua.

Filamu yake ya mwisho ilipoonyeshwa, watu walitoka ukumbini kabla haijafika katikati. Aliporudi nyumbani aliifunga kamera kwenye shuka kuukuu, akaipandisha juu ya kabati, akaketi. Tangu hapo nyumba yangu ikawa na utulivu ambao majirani waliuonea wivu. Hakuna nyaya sakafuni, hakuna wa kunirudisha mlangoni. Nilimwekea chakula, akasema asante, nikakiondoa kilivyo. Miaka ikapita hivyo na sikumlalamikia mtu.

Ndipo binti yetu, anayeuza miwani mjini, akatuletea filamu hii kwenye simu yake. Ni ya dakika chache, ya mzaha mtupu. Mwanamke anapita mlangoni na beseni. Anarudi, anapita. Kila akipita beseni limekua, mpaka linakataa kuingia, naye analipindua huku na huku kama mtu anayehamisha kitanda. Mwishoni anageuka, kumbe ni mwongozaji mwenyewe, baba mzima na masharubu yake, kajifunga kitambaa kichwani. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Bwana huyu anatembea kama mimi. Sisemi anakaribia; ni mimi kabisa, bega la kushoto chini, kisigino cha kulia kikiburuzwa. Mwendo huo niliupata kwa kubeba watoto upande mmoja na ndoo upande mwingine. Yeye kaupata kwa kukaa kwenye kiti na kutazama. Sasa nikipita sokoni muuza nyanya ananiambia namwiga yule bwana wa kwenye filamu, tena ananipa alama za chini. Naomba mwendo urudishwe, au walau itangazwe hadharani nani aliutangulia.

2. Mume wangu alicheka. Mwenyekiti, ile sauti nilikuwa nimeisahau kiasi kwamba nilidhani kaja mgeni, nikaenda kuongeza kikombe. Mzee mwenye kifua kibovu anachekeshwa hivihivi, bila onyo lolote mwanzoni mwa filamu. Huu ni uzembe.

3. Anakula. Sufuria niliyokuwa nimeishusha hadhi, nikiitumia kuwekea vitunguu, imebidi irudi jikoni. Anakula, anaomba nyongeza, na akishiba anaanza kunieleza mwanga wa asubuhi unavyoingia dirishani. Mimi nilikwishazoea kula nikisikiliza redio.

4. Wanafunzi wa filamu wanakuja kuupiga picha mlango wa jikoni. Wanavua viatu. Mmoja aliniuliza kwa nini beseni lilikuwa la buluu. Nikamwambia dukani yalibaki ya buluu. Aliandika jibu hilo kwa muda mrefu mno, kisha akaomba ruhusa ya kuufungua na kuufunga mlango mwenyewe. Wenzake nao wakataka. Bawaba ya juu imelegea.

5. Kamera imeshushwa. Nilikuwa nimeanika, nimemaliza, nimekaa. Akaniomba nipite na beseni. Nikamwambia nguo zote ni safi. Akasema nifue zilizo safi. Basi nikafua shuka zilizotoka kabatini asubuhi hiyohiyo, nikapita, nikarudishwa, nikapita, mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama tumepata msiba, kwa shuka zote zile.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilisimama na beseni langu nikamuuliza kwa nini miaka yote ile hakunisemesha. Akanijibu akiwa bado nyuma ya kamera, "Mama watoto, nilidhani hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia."

Mwenyekiti, mimi nilikuwa namwangalia. Nilimwangalia kila siku nikiwa jikoni. Nilimpikia anachopenda, nikamsomea gazeti, nikamwitia marafiki zake wa zamani, nikanyamaza alipotaka kunyamaziwa. Kisha anakuja mtu tusiyemjua, na kitambaa chake cha kuazima, na kwa dakika chache anafanya nilichoshindwa mimi. Jambo hili liliniuma sana, na bado linaniuma. Nimezisoma kanuni zenu zote na sijaona kifungu kinacholihusu, ndiyo maana nimelazimika kuanza na habari ya mwendo.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Tuzo izuiwe. Mwongozaji mashuhuri aje mwenyewe apite mlango wetu na beseni lililojaa shuka za maji, maana lile la kwenye filamu yake lilikuwa tupu, lilionekana wazi kwa jinsi alivyolirusha. Akishindwa hilo, amchukue mume wangu akaishi naye, ale kwake, amweleze mwanga kwake. Na kuanzia sasa mtu yeyote asiheshimiwe kwa filamu kabla mkewe hajaulizwa kwa maandishi kama nyumba iko tayari.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, yule mama wa mapokezi aliyenielekeza anwani kwa upole, na dereva wako. Msalimie hata mwongozaji mashuhuri ukikutana naye, ila usimwambie nimesema.

Ni mimi, kwa heshima na kwa uchungu,
Mwanamke wa Beseni

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku kadhaa nikitafuta bahasha, na mambo yamebadilika kidogo. Tangu juzi mume wangu hajaigusa kamera. Jana nilimsemesha mara nyingi, akasema asante. Chakula nimekiondoa kilivyo. Tafadhali yafute yote niliyoandika hapo juu. Mpeni bwana yule tuzo, mpeni hata mbili, na mwombeni atengeneze filamu nyingine haraka. Mwendo auchukue wote. Kama kuna kingine changu kinachoweza kumchekesha mume wangu, aje akichague mwenyewe. Mlango hatufungi.