Upande wa Kushoto wa Bibi Harusi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Miguu imevimba. Zamu mbili mfululizo, saa kumi na sita, na kesho tena. Naandika nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee hapa Richardson, pembeni mwa Dallas, Amerika. Nikifika kwangu nitalala na viatu.

Lakini leo nimepata! Imebaki siku kumi na mbili Fiona aolewe. Fiona ni binti wa marehemu kaka yangu. Mpaka sasa hakuna aliyetamka ni nani atamshika mkono kanisani na kumkabidhi kwa bwana harusi. Kwenye kundi la kamati la WhatsApp wanajadili vitambaa vya meza. Mimi Absalom, mdogo wa marehemu, damu ileile, najikohoza humo wiki nzima na hakuna anayesikia. Najua macho yao yako wapi. Yako kwa Ngugi. Mzee wa kanisa, mwenye hema, mwenye spika, mwenye pikapu, mwenye kila kitu. Wala si ndugu! Alikuwa jirani tu wa kaka.

Sasa. Kuna bibi ninayemhudumia, Miss Charlotte, miaka tisini na mmoja. Kazi yake ni kutazama harusi za kifalme kwenye televisheni kuanzia kahawa ya asubuhi. Mimi namwogesha, namlisha, nabadilisha shuka, na bila kutaka nimekuwa msomi wa ndoa za Ulaya. Leo nikimvalisha soksi akaniambia kwamba Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 hakuwa na baba. Baba alikufa yeye akiwa mtoto wa miezi minane. Je, nani alimkabidhi?

Baba yake mdogo!

Nilisimama na soksi mkononi. Nikamwomba arudie. Akarudia, akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatano, 7 Mei

Nimeazima kitabu maktaba. Kinene, kina picha. Nimesoma hadi harusi ya 1840, nikakunja ukurasa, basi. Nani ana muda wa kusoma kurasa mia nne?

Jioni kikao cha kamati, sebuleni kwa Mama Fiona, huko DeSoto, upande wa pili wa Dallas. Saa nzima barabarani. Nilisubiri wamalize habari ya keki, nikasimama. Nikawaeleza kwamba harusi si mchezo, wenzetu wa Ulaya wana historia. Nikawaeleza kuhusu gauni jeupe la Victoria. Nikawaeleza kuhusu wakulima waliomtengenezea jibini la nusu tani kama zawadi. Hapo Ngugi akauliza lilisafirishwa vipi. Watu wakacheka, wakaanza kukadiria pikapu ngapi. Nilipofika kwa baba mdogo nusu ya kamati ilikuwa jikoni ikipakua ugali.

Fiona aliniegemea begani akaniambia, "Uncle, usi-stress. Umechoka. Enda ulale." Nilijisikia vibaya. Nikamkumbuka baba yake. Mwaka nilipokuja Amerika alinipokea uwanja wa ndege na koti lake mwenyewe, akanivisha, yeye akatembea na shati kwenye baridi hadi kwenye gari. Ningependa mara moja tu nisimame pale ambapo yeye angesimama. Sitaki kingine. Lakini mtu hawezi kusema hivyo mbele ya kamati yenye ugali mkononi.

Nilimwachia Mama Fiona kitabu. Nikamwonyesha ukurasa uliokunjwa. Akasema atasoma.

Ijumaa, 9 Mei

Mbinu ya pili. Wafalme walipotaka kumwondoa mtu njiani hawakumfukuza. Walimpa cheo. Miss Charlotte anasema kulikuwa na mtu wa cheo aliyepewa kazi ya kumvalisha mfalme shati.

Nimeandika kwenye kundi kwamba katika Dallas nzima hakuna anayeweza kusimamia nyama choma ya watu mia mbili isipokuwa Mzee Ngugi. Nimemwita Mkuu wa Moto. Kamati imeshangilia. Mtu anayenuka moshi hawezi kumshika bibi harusi mkono, gauni jeupe lile!

Ngugi amejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano. Ujumbe wake wote ni dakika tano. Unaanza na maombi, unapita kwenye hali ya hewa, ndipo unafika. Nimesikiliza mpaka hali ya hewa nikazima. Naamini amekubali.

Kisha nimekodi koti lenye mkia. Jeusi, mkia unafika magotini. Mwenye duka aliniuliza kama ninacheza piano.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Akina Mama. Siku mbaya.

Baada ya ibada tulikula kwa Mama Fiona. Maua mezani. Nilikuwa nimejiandaa kupokea habari kwa unyenyekevu. Mama Fiona akasimama na kitabu changu mkononi. Nikarekebisha tai.

Alisema amekisoma chote. Chote! Mwanamke anafanya kazi ya uuguzi zamu za saa kumi na mbili, na amekisoma chote kwa siku nne. Alisema ukurasa wangu ni kweli, baba mdogo alimkabidhi Victoria. Lakini ukiendelea mbele unamkuta Victoria huyohuyo mwaka 1866, mjane, mume amekufa, binti yake Helena anaolewa. Hapo alimkabidhi binti mwenyewe. Mama mtu! Hakutaka mwingine ashike nafasi ya baba. Mama Fiona akasema naye atafanya hivyo. Akanishukuru kwa kitabu, kwamba bila mimi asingepata ujasiri.

Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi pia. Ngugi ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Kosa langu ni moja. Nilisimama 1840. Ningeendelea kurasa sitini tu ningekificha kile kitabu.

Jumanne, 13 Mei

Nimejiuzulu.

Miss Charlotte alinisimulia jana wakati wa chakula cha mchana. Mwaka 1936 mfalme wa Uingereza aliacha kiti cha enzi ili amwoe mwanamke aliyempenda. Alitangaza redioni, dunia nzima ikasimama. Nikafikiri, kumbe! Anayeondoka ndiye anayesikika.

Saa sita na nusu mchana nimejitoa kwenye kundi la kamati. Bila neno. Sasa watashtuka. Mama Fiona atapiga simu, Fiona atalia kidogo, watanirudisha kwa heshima na kuniuliza ninataka nafasi gani. Nitasema sitaki chochote. Watasisitiza. Hapo nitakubali.

Nimeweka simu kwenye mfuko wa juu ili nisikie. Imelia mara moja. Msimamizi wangu, anataka nifanye zamu ya Alhamisi pia. Nimekubali kwa uchovu, sikuwa na nguvu za kutoa sababu.

Alhamisi, 15 Mei

Hakuna aliyeshtuka. Siku mbili! Nilimtumia bwana harusi, Lenny, salamu za kupima upepo. Yeye anafanya kazi Houston, huko ndiko watakakohamia. Alijibu kwamba wote wazima na anasubiri kwa hamu. Kuhusu kujiuzulu kwangu, hata nukta.

Anayenitafuta ni mmoja tu, na ni yule nisiyemtaka. Ngugi amepiga mara mbili. Sikupokea. Baadaye akatuma ujumbe wa sauti. Dakika tano na sekunde kumi na mbili. Ninajua yaliyomo. Maombi, mvua, kisha majigambo ya nyama. Sijausikiliza. Mtu aliyejiuzulu hana haja ya ripoti.

Mpango wa mwisho ni huu. Ibada ni saa tano. Nitafika saa tano kasoro dakika ishirini, koti lenye mkia, glavu nyeupe. Nitasimama mlangoni pa kanisa. Mama Fiona ana goti bovu, anachechemea akisimama muda mrefu. Ataniona, atayumba kidogo, nami nitatoa mkono. Haitahitaji kamati. Miss Charlotte ameupenda mpango. Amenifundisha kutembea, mguu wa kushoto kwanza, usitazame chini. Tumefanya mazoezi kwenye korido, yeye kwenye kiti cha magurudumu akihesabu. Msimamizi akauliza ni tiba ya nani.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike upesi kabla sijaanza kuyapamba.

Nilifika saa tano kasoro dakika ishirini kama nilivyopanga. Maegesho yamejaa. Nikafikiri, Wakenya leo wamewahi, maajabu! Nikavaa glavu. Nikiwa ngazini nikasikia vigelegele. Vigelegele vya mwisho, si vya mwanzo. Mtu aliyehudhuria harusi nyingi anajua tofauti.

Nilifungua mlango. Walikuwa wameshavalishana pete. Kanisa zima likageuka, maana mlango ule una mlio. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama yule ndiye mtu wa mazingaombwe. Mbele, kiti cha familia, Mama Fiona na vazi la zambarau. Kushoto kwake, Ngugi. Suti ya kijivu, safi, hakuna moshi. Nyama alichoma jana.

Nilikaa nyuma kabisa, na wafanyakazi wenzake Lenny kutoka Houston. Mkia wa koti niliukalia.

Kumbe saa zilibadilishwa tangu Jumatano. Kanisa tunalikodi, na wenye jengo walikuwa na shughuli yao mchana, kwa hiyo ibada ikasogezwa hadi saa nne. Ilitangazwa kwenye kundi. Kundi nililojiuzulu.

Wakati wa chakula Mama Fiona alinijia na sahani ya nyama mwenyewe, anachechemea. "Shemeji, umekula?" Kisha akakaa, akavua viatu. Akaniambia walinisubiri mlangoni dakika kumi nzima, mpaka mchungaji akatuma mtu kuuliza kulikoni, ndipo Ngugi akashika nafasi yangu. Simu yangu ilikuwa imezimwa. Niliizima ili niingie kwa utulivu. Akasema kile kitabu changu kina jambo jingine ambalo huenda sikulifikia. Victoria alimkabidhi Helena, ndiyo, lakini hawakutembea wawili. Upande wa pili wa bibi harusi alikuwepo mtoto wake mkubwa wa kiume. Malkia mzima, na bado alitaka mwanamume wa nyumbani upande wa pili. Yeye mtoto wa kiume hana. Ana mimi.

"Nilitaka uwe wewe. Nilimwambia Ngugi akuambie, mimi nilikuwa kazini siku tatu mfululizo. Hakukuambia?"

Nilisema mtandao ulikuwa mbaya.

Fiona alikuja baadaye, akanikumbatia na koti lote. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu. Aliniambia wamehifadhi keki ndogo ya juu, ile ya matunda, hawajaikata. Wataikata kesho jioni kabla ya safari ya Houston. Yeye, Lenny, mama yake na mimi tu. Hajui saa kamili wala mahali, ndugu wa Lenny wanawazungusha, lakini Ngugi atakayewaendesha atanijulisha. Nilikubali kwa kichwa.

Jumapili, 18 Mei

Zamu ya asubuhi. Miss Charlotte alikuwa macho ananisubiri. Aliuliza nilianza na mguu gani. Nikasema wa kushoto. Akauliza kama nilitazama chini. Nikasema hapana. Akafurahi sana, akanishika mkono, akafumba macho. Nikatoka nikajifanya naenda kuleta taulo.

Chumba cha taulo kina kiti. Nilikaa, nikausikiliza ujumbe wa Ngugi wa Alhamisi, wote. Maombi. Mvua. Kisha, dakika ya tatu: ibada imesogezwa hadi saa nne, Mzee Absalom, na mama anasema wewe ndiye upande wa kushoto, tafadhali nijibu ili nimtulize. Kisha akasema marehemu angefurahi. Kisha habari za mkaa, dakika moja na nusu.

Nililia kwenye taulo. Nasema ukweli, hii ni shajara yangu mwenyewe.

Halafu nikafikiri vizuri. Kosa kubwa ni la wenye jengo. Nani hubadilisha saa ya harusi wiki hiyohiyo? Na la Ngugi pia, kuweka jambo zito dakika ya tatu. Lakini yaliyopita yamepita. Mchana Miss Charlotte alinionyesha gauni la ubatizo la watoto wa kifalme. La kwanza lilishonwa kwa binti mkubwa wa Victoria, likarithiwa vizazi na vizazi. Ubatizo! Huko nani humbeba mtoto? Fiona ameolewa jana, kwa hiyo nina kama mwaka mmoja wa kujiandaa. Nimeshaagiza kitabu maktaba. Nitakisoma chote, au angalau hadi katikati.

Saa kumi na moja jioni sasa. Niko garini, miguu juu ya dashibodi. Simu imetetemeka. Ngugi ametuma ujumbe wa sauti. Dakika sita!

Naujua. Anataka kunisimulia alivyotembea jana na alivyopendeza. Siusikilizi. Nimechoka, nitaufuta, nilale kidogo hapahapa, kisha nimsubiri Fiona aniite.