Mchoro Namba Moja

Kwa furaha isiyo na kifani, Shirika la Bima ya Msingi liliutangazia umma kwamba kuanzia siku hiyo kila mwananchi atakayeugua atatibiwa, mradi augue kwa kufuata utaratibu.

Tangazo hilo lilifuatiwa na kijitabu cha kurasa nane. Kwa mujibu wa kijitabu, Mpango wa Msingi uligharimia kitanda. Uligharimia gari la wagonjwa, kutoka getini hadi mapokezi, umbali wa hatua kumi na mbili. Uligharimia dawa zote isipokuwa zile ambazo hazipo, na magonjwa yote isipokuwa yale yaliyomwanza mgonjwa kabla hajajua kuwa anaumwa. Juu ya yote, uligharimia matibabu ya viungo vyote vya mwili "kama vilivyoonyeshwa katika Mchoro Namba Moja".

Mchoro ulikuwa ukurasa wa tano, peke yake, kwenye karatasi nyepesi isiyo na kitu nyuma. Ulikuwa wa mwanamume aliyesimama, mtanashati wa kiasi. Kwa kuwa ukurasa ulikuwa mwembamba, mchoraji alimchora akitazama pembeni ili apate nafasi. Kwa hiyo mtu yule alikuwa na jicho moja, sikio moja, na mguu mmoja ulioufunika wa pili, vyote vya upande wa kushoto. Mkono wake aliutia mfukoni. Kamati ya Tafsiri ilikaa siku nne hotelini ikaridhika kwamba mwili wa mwanachama una upande mmoja na hauna vidole.

Aliyeutekeleza uamuzi huo alikuwa karani wa dirisha namba tatu, hospitali kuu, ambaye watu wa foleni walimpachika jina la Bi Mchoro. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa na kijitabu hakikuutaja. Mgonjwa akifika alimwuliza panapouma, akafungua ukurasa wa tano, akapatafuta. Pakionekana, aligonga muhuri wa INAHUSIKA. Pasipoonekana, aligonga HAIHUSIKI, akasema pole, kwa sababu pole haikuhitaji kibali.

Na watu walizoea. Dereva mmoja aliyeumwa jino la kulia alisema ni la kushoto, akang'olewa la kushoto, zima kabisa, kwa kasi ya kupigiwa mfano. Kwenye takwimu za mwaka aliingizwa kama mwanachama aliyeridhika, maana hakuweza kufungua mdomo kubisha.

Mambo yalimwia Bi Mchoro magumu alipofika dirishani mama yake mdogo.

Mamdogo alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia mtoto wa jicho. Ukungu ulianza kama kidoa, sasa ulikuwa pazia zima. Mwezi uliopita alimshonea mwalimu suruali yenye mifuko yote miwili upande mmoja. Wiki iliyofuata alishona blauzi ambayo mwenyewe hakupata pa kupitisha kichwa. Wateja walimhurumia sana, wakahamia kwa fundi wa jirani. Ikiwa jicho lile lingefungwa kabisa, cherehani ingefungwa nalo, na mamdogo asingejua afanye nini na mikono yake.

"Lingekuwa la kushoto, mamdogo, ningegonga muhuri sasa hivi," Bi Mchoro alimwambia mara ya kwanza.

"Mwanangu, la kushoto halijaona kitu tangu nizaliwe. Nililiacha hapo uso usikae upande."

"Hilo linagharimiwa."

"Lakini haliumwi."

"Likiumwa, njoo mapema."

Mamdogo alirudi mara ya pili, akarudi ya tatu, akagongewa HAIHUSIKI mara zote. Hakulalamika. Alimwambia tu mtoto wake kwamba sketi yake ya kazini imelegea kiunoni, ailete aibane angali anaona. Bi Mchoro aliona aibu. Kila asubuhi aliivaa aibu hiyo, kwa sababu sketi zake zote zilishonwa na mkono uleule aliokuwa akiurudisha nyumbani bila matibabu. Lakini Kanuni ya Tisa ilikuwa wazi: uamuzi wa dirishani hubadilishwa na Mkurugenzi Mkuu peke yake, kwa mkono wake mwenyewe, ili kuzuia huruma isiyo rasmi.

Kisha ikafika sherehe ya miaka mitatu ya Mpango.

Jukwaa lilijengwa ndani ya ukumbi wa mapokezi, kati ya madirisha na mabenchi, ili wagonjwa wafaidi hotuba bila kupoteza foleni. Mamdogo alikuwepo, na tikiti namba kumi na saba. Alikuwa amekuja kujaribu mara ya nne, maana asiyechoka ni mwenye shida. Waandishi wa habari walijipanga na kamera zao. Mkurugenzi Mkuu alipanda akiwa na suti ya rangi ya kijivu na mkasi wa kukatia utepe.

"Wapo wanaosema Mpango wa Msingi ni wa wanyonge," alisema. "Mwanachama namba moja ni nani? Ni mimi. Na leo naachana na ile bima yangu ya Daraja Maalumu. Nikiugua, nitibiwe papa hapa, kama nyinyi, kwa kijitabu hikihiki. Foleni haina bosi!"

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yameandikwa ukutani kwa rangi, juu ya dirisha namba tatu. Aliikata kadi yake ya Daraja Maalumu vipande viwili mbele ya kamera. Watu walipiga makofi. Alirudi nyuma hatua moja kupokea makofi, kisha hatua ya pili, ambayo jukwaa halikuwa nayo.

Daktari wa mifupa alikuwa karibu, akamkagua sakafuni. "Mkono umevunjika. Nileteeni muhuri nimfunge plasta."

"Upi?" aliuliza Bi Mchoro.

"Wa kulia."

Bi Mchoro alifungua ukurasa wa tano. Alijua kilichomo, lakini utaratibu ni kufungua.

"Pole, Mheshimiwa," alisema. "Hauonekani."

"Nini hakionekani? Si huu unaning'inia?"

"Kwako unaonekana. Kwenye mchoro hauonekani."

Mkurugenzi Mkuu alitazama kamera, akatabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe. Akashusha sauti. "Binti, andika hapo kwamba nimeruhusu."

"Naandika, Mheshimiwa. Tia sahihi."

Akaukumbuka mkono wake. Alijaribu kwa wa kushoto. Bi Mchoro aliilinganisha na sahihi iliyomo kwenye faili, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akasema pole tena. Ile ya faili ilikuwa na mikia mitatu. Hii ilifanana na njia ya konokono.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema mtu kutoka benchi la nyuma.

"Mimi nimeshamwambia," alijibu Bi Mchoro. "Mara mbili."

Wakati huo mamdogo alikuwa benchi la mbele, ameinua kijitabu chake hadi kwenye mwanga wa dirisha, karibu na pua, akijaribu kumwona huyo mtu anayesumbua watu. Kwa jicho lake lile la ukungu hakujua kwamba ameushika ukurasa kwa nyuma. Mwanga ulipenya karatasi nyepesi, na mtanashati akatokea.

"Mwanangu," aliita, "mbona wangu anatazama huku?"

Bi Mchoro alitoka nyuma ya dirisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi. Alisimama nyuma ya mama yake mdogo akatazama. Mtu yule alikuwa amegeuka. Sasa alikuwa na jicho la kulia, sikio la kulia, na mkono wa kulia, vilevile mfukoni.

Alijua kabisa ni jicho la nani alilokuwa akilitazama. Alichukua karatasi, akaandika taratibu kwa mwandiko wa kikarani, akaisoma kwa sauti: "Mchoro Namba Moja husomwa kwa mbele na kwa nyuma. Uamuzi huu unawahusu wanachama wote."

"Andika unanihusu mimi," alisema Mkurugenzi Mkuu.

"Fomu haina nafasi ya mtu mmoja, Mheshimiwa. Asiyeweza kutia sahihi huweka dole gumba. La kushoto linatosha."

Kamera zilisogea. Mkono uliuma. Akaweka dole gumba.

"Asante," alisema Bi Mchoro, akampa tikiti. "Wewe ni namba arobaini na mbili. Namba kumi na saba!"

Mamdogo alinyanyuka. Muhuri wa INAHUSIKA uligongwa kwa nguvu hadi wino ukaruka kwenye kioo. Mkurugenzi Mkuu aliyatazama maandishi ya ukutani, akakaa benchini akisubiri, na wenzake wa benchi wakamsogelea kumwuliza kama ni mara yake ya kwanza.

Daktari wa macho, ambaye kwa miaka mitatu alipasua macho ya kushoto tu, alilipokea jicho la kulia kama mgeni aliyepotea siku nyingi. Wiki moja baadaye mamdogo aliingia ukumbini bila kushikwa mkono. Alikuja na sketi iliyobanwa kiunoni, mshono umenyooka. Bi Mchoro alitaka kusema jambo la kirasmi, akashindwa, akalia hadharani, saa nne asubuhi, bila kujaza fomu.

"Nyamaza," mamdogo alimwambia. "Nimekuja na kazi. Haya maandishi ya chini umeyasoma?"

"Yapi?"

"Haya hapa, chini ya viatu vya huyu bwana."

Bi Mchoro aliinama. Chini ya mtanashati palikuwa na mstari aliodhani siku zote ni vumbi la viatu. Kamati nzima ilidhani hivyo. Mamdogo aliusoma kwa jicho lake la kulia, bila miwani, akifuatisha kwa ncha ya sindano:

"Mchoro huu ni wa mfano tu. Mpango unagharimia mwili mzima."

Ndivyo mafaili yote yaliyogongwa HAIHUSIKI yalivyotolewa makabatini yafunguliwe upya. Yalikuwa elfu nne mia moja na kumi na mawili. Na kwa kuwa Kanuni ya Tisa ilibaki wazi kama mwanzo, kila moja lilihitaji kubadilishwa na Mkurugenzi Mkuu, kwa mkono wake mwenyewe. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Aliwekewa meza na kidau cha wino karibu na dirisha namba tatu, watu wakijipanga mbele yake, akaanza kubonyeza kwa dole gumba la kushoto. Wengi walimshukuru. Yule dereva alimwonyesha pengo.

Siku ya sita aliuinua mkono wake juu ya kaunta. Dole gumba lilikuwa limevimba likafanana na nyanya.

"Binti," alisema kwa unyenyekevu ambao hakuna kanuni iliyouagiza, "hiki kidole kinahusika?"

"Zamani kilikuwa mfukoni, Mheshimiwa. Sasa kinahusika kabisa," alijibu Bi Mchoro kwa furaha, akamfungulia faili namba elfu nne mia moja na kumi na tatu na kuliweka chini ya mengine yote. "Ila faili lake lazima ulibonyeze mwenyewe."