Malalamiko Dhidi ya Mkurugenzi Anayepokea Simu

Ofisi ya Ufadhili wa Wanafunzi,
Chuo cha Harmon Ridge, Ohio.
Aprili.

Kwa Dakta Lindqvist, Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu zangu na heshima zote. Najua Bodi inakaa wiki ijayo kuamua kama Bi. Yolanda Trussell, mkurugenzi wetu mpya, amefaulu kipindi chake cha majaribio. Mimi naibu wake, niliyewatumikia wakurugenzi watatu kabla yake bila kumsumbua hata mmoja, nasikitika kukujulisha kwamba amefaulu. Ndiyo sababu naomba afukuzwe.

Naandika mbiombio kwa kuwa Jumapili tuna karamu nyumbani. Mjukuu wangu Josie ameandikiwa na chuo kikubwa cha jimbo jirani kwamba amepewa tuzo ya masomo, na keki tumeshaiagiza. Lakini kazi kwanza.

1. Anapokea simu. Si kwa bahati mbaya. Anaipokea kwa makusudi, tena ikianza tu kulia. Wazazi hawajazoea mambo haya. Bwana mmoja wa Toledo alishtuka akakata, kisha akapiga tena kuuliza kama chuo kimefilisika. Zamani mpigaji aliwekewa muziki wa zumari mpaka hasira zimwishe, na wengi walikata wenyewe wakiwa wametulia. Zumari lile Bi. Trussell amelizima bila hata kuitisha kikao.

2. Hana subira na utaratibu. Kijana mmoja, Curtis Vandermolen, alileta fomu isiyo na sahihi ya baba yake. Akasema baba amefariki. Tulimpa pole, kama utu unavyotaka, kisha tukamwomba alete barua ya baba yake kuthibitisha. Bi. Trussell akatoka chumbani kwake, akamvutia kijana kiti. "Pole sana mwanangu. Kaa hapa, tuimalize leo hii." Na kweli ikamalizwa siku hiyo hiyo. Sasa nakuuliza, Dakta: wafiwa wengine wakisikia, tutajificha wapi?

3. Ameua foleni. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi hapa, nilimpata mke wangu Lorraine kwenye foleni ya dirisha letu. Tulisalimiana tukiwa kwenye ngazi, tukachumbiana kwenye korido, na tulipofika dirishani tulikuwa tumeshakubaliana majina ya watoto. Siku hizi mwanafunzi anaingia, anahudumiwa, anaondoka. Vijana hawa wataoana na nani?

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kwa miaka yote, katika barua zetu kwa wanafunzi wapya, mkopo tuliuita "tuzo". Hatukumdanganya mtu; chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo, kila kitu kilielezwa. Na watu walifurahi! Walitundika maputo, wakaalika majirani. Akina Brubaker walitutumia kipande cha keki kwa posta, kikafika kimebondeka lakini kitamu. Sasa Bi. Trussell anaandika juu kabisa, kwa herufi nene: HIZI NI ZA BURE. HILI NI DENI, UTALILIPA. Nikamwambia, "Bosi, watu watatukimbia." Akanijibu, "Bora wakimbie sasa, Wendell, kuliko kuja kukimbizwa na wadai." Hebu niambie, Dakta, nani atapika keki kwa ajili ya barua kama ile?

5. Matokeo yake, wanafunzi wanabaki. Walikuwa wakiacha masomo kwa mpangilio mzuri tu, mwaka wa pili, na kila mtu akapata mahali pa kuegesha gari. Sasa wanaelekea kuhitimu. Majoho hayatoshi. Halafu ubaya hauishii hapo: wazazi wameanza kutuamini. Mzazi akishakuamini anauliza la pili. Ataanza kuuliza kwa nini ada inapanda kila mwaka, nasi hatuna jibu, kwa hiyo tutamwelekeza kwako.

Kwa hayo yote, naomba Bodi imwondoe Bi. Trussell, au, kama mtaona haya, impandishe cheo mpaka mahali ambapo hawezi kumsaidia mtu.

Umsalimie Mama Lindqvist, wajumbe wote wa Bodi mmoja mmoja, na yule mama wa kantini anayepika supu ya mahindi. Sisi huku hatujambo, ila tuna kazi nyingi.

Wako mtiifu,
Wendell Pruitt,
Naibu Mkurugenzi.

N.B. Barua hii ilikaa mfukoni mwa koti langu, na mambo yamebadilika kidogo. Jumapili keki ilikatwa, imeandikwa HONGERA KWA TUZO. Kipande cha pili kilikuwa mdomoni mwangu pale Josie alipofika mwisho wa barua yake. "Babu, hivi tuzo gani hii ina riba?" Nikamwambia labda ni riba ya heshima tu. Hakucheka. Mama yake akaanza kukusanya sahani. Nikaichukua barua mimi, naibu mkurugenzi, nikaisoma na kuirudia, nisijue kipi ni bure na kipi ni deni. Niliona aibu, Dakta.

Jumatatu nikapiga simu chuoni kwao. Wakaniwekea zumari. Ni lile lile letu.

Nikapiga ofisini kwetu, nimebana pua nisijulikane. Bi. Trussell akapokea hapo hapo, nikamweleza habari za mjukuu na barua yake. "Mlete mtoto, Wendell. Na barua aje nayo." Josie aliingia kwake anafuta machozi, akatoka anauliza kama na sisi bado tuna nafasi. Tunayo. Mei mosi, siku ambayo watoto wote huvaa fulana ya chuo walichochagua, yeye atavaa yetu, na ameshaniomba saizi.

Kwa hiyo iambie Bodi imthibitishe mama huyu, tafadhali, tena haraka. Ningekuandikia barua nyingine iliyo safi, lakini uniwie radhi, simu inalia.