Gia ya Tatu ya Shangazi

Jumatatu, 8 Juni

Siku ya kwanza ya juma bila lori. Nimeamka nikakanyaga klachi. Haikuwepo. Nilikuwa kwenye kochi la dada, na mguu wangu wa kushoto umesukuma mto hadi sakafuni.

Tajiri, mwenye lori, alinifukuza Jumamosi. Aliuliza kwa nini marumaru zilizotakiwa kufika asubuhi zilifika jioni. Nikamwambia ukweli: nilipita njia ndefu. Akauliza kama ile fupi ilifungwa. Nikasema hapana, bosi, ila ile ndefu ina miteremko mizuri, lori likiteremka huwa linaimba. Tajiri akanitazama kama mtu anayesoma bango lililochanika. Kisha akanyoosha mkono, akataka funguo. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa ningeweza kusema pancha. Pancha! Neno jepesi kiasi hicho!

Lori lenyewe naliita Shangazi, kwa sababu linanung'unika kila mlima lakini mzigo linafikisha.

Dada kanipa hadi Jumapili. Niwe na kazi, la sivyo nirudi kwa baba kwenye karakana, nikapige msasa madawati hadi uzeeni. Shemeji ni fundi cherehani, na kochi ninalolalia liko katikati ya mapazia ya wateja wake. Alimuunga mkono dada kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Sina wasiwasi. Nina mpango, na mpango wenyewe ni kutulia. Gia namba tatu ya Shangazi haimkubali mtu mwingine. Dereva mpya atahangaika, Tajiri atanipigia kwa sauti ya upole, nami nitamjibu kwamba ngoja kwanza niangalie ratiba yangu.

Simu imekaa kifuani kutwa nzima. Ikalia! Alikuwa dada, anapiga kutoka jikoni, anauliza mbona bado nipo.

Jumanne, 9 Juni

Nimehamia kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na yadi. Si kwamba namfuata Shangazi. Kutafuta kazi kunahitaji chai.

Wamempa Mtanashati lori langu! Huyu ni dereva anayevaa glovu nyeupe, na kabla ya kupanda kabini anapangusa viatu kama anaingia ukweni. Wakati nikiwa kazini hakuwahi kunisalimia bila kuniuliza kama nimekua.

Alimtoa Shangazi hadi getini. Gia ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ikalia: krrrrr! Lori likasimama barabarani, magari yakapiga honi, mlinzi akashika kichwa. Niliisubiri furaha. Haikuja. Nilihisi kama mtu anasokota mkono wangu mwenyewe. Nikasimama bila kujijua, nikapiga kelele kwamba taratibu, wewe, taratibu!

Mama wa chai akaniuliza mwanangu, hilo ni lori au mke. Nikamjibu ni lori tu. Akasema basi nikae chini, nimemwaga chai ya watu.

Jumatano, 10 Juni

Mtanashati kaja mwenyewe kibandani. Nikajua wakati wangu umefika.

Alianza kwa kejeli: eti dogo, uliliharibu gari makusudi? Nikakoroga chai. Akasema Tajiri amempa hadi leo, gia ikigoma tena atamtafuta dereva mwingine. Nikaagiza kikombe kingine. Ushindi ulikuwa mkononi mwangu, umetulia. Ndipo akasema basi, atailazimisha kwa goti.

Kwa goti!

Nilijikuta nimeshavuka barabara. Nilimpa sharti moja tu: mimi nikae kwenye usukani, tuzunguke yadi. Akakubali haraka sana. Hilo lingenishtua, lakini nilikuwa nimeshapanda.

Kiti bado kina shimo langu. Harufu ileile ya dizeli na vumbi la saruji. Nikamwonyesha: usiende tatu moja kwa moja. Gusa nne kwanza, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi, halafu rudi tatu. Shangazi akapokea bila hata kukohoa. Mtanashati akasema aisee. Nikamwonyesha tena. Nikamwonyesha pia mlango unaotaka kuinuliwa kabla ya kusukumwa, na kwamba asubuhi za baridi asimkimbize kabla injini haijapata moto.

Nikashuka napiga mbinja. Nilikuwa nimekaribia nyumbani nilipotambua nimefanya nini. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Siri niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na nimeifundisha kwa mifano.

Alhamisi, 11 Juni

Dada, bila kuniuliza, kanitafutia usaili. Kiwanda kidogo cha mikate kinataka dereva wa gari la kusambazia. Nikasema mimi ni mtu wa tani nyingi, siwezi kubeba skonzi. Dada akasema na madawati nayo ni mazito, nichague. Nimevaa shati la shemeji.

Mwenye kiwanda ni mama mnene, mcheshi, unga hadi kwenye nyusi. Akapanda nami mbele ili anipime. Gari otomatiki! Halina klachi. Nikajisemea hili hata bibi yangu angeliendesha.

Tulikwenda vizuri hadi kona ya kwanza. Kwenye kona mimi hupunguza gia. Mguu wa kushoto ukashuka kutafuta klachi, kwa nguvu zote, kama ulivyozoea kwa Shangazi. Ukakuta breki. Gari likasimama palepale. Mikate haikusimama. Kreti zote zikaja mbele kutusalimia, na yule mama akawa amekumbatia dashibodi, skonzi moja begani.

Nikasema samahani mama, nimekuona unataka kushuka. Akacheka hadi machozi yakachora njia kwenye unga. Akasema dereva wake wa zamani alikuwa hasimami kabisa, angalau mimi breki nazijua. Nifunge mguu wa kushoto kwa kamba kama ni lazima, nije Jumatatu asubuhi. Kazi ni yangu!

Dada kapika maharage ya kusherehekea. Shemeji kanipigia makofi, akanikumbusha shati.

Nimejaribu kulifikiria gari la mikate. Ni jeupe. Linanguruma kama friji.

Ijumaa, 12 Juni

Tajiri kapiga simu! Nikapokea haraka, nikasahau kabisa habari za ratiba.

Anasema Mtanashati anaiweza gia sasa, ila mwenyewe Mtanashati ameomba nirudi nimsaidie. Nirudi kama nini? Kama utingo. Yaani niweke mawe chini ya matairi mlimani, nifunge turubai, nioshe vioo, niamke kabla ya dereva na kula baada yake. Ndani ya lori langu! Akaongeza sharti: siku nitakayogusa usukani, tunafukuzwa wote wawili.

Nikamwambia Tajiri kwamba mtu wa leseni yangu hawezi kudhalilishwa hivyo. Akasema sawa. Nikamwambia asikate simu. Nikauliza safari ya kwanza ni ya wapi. Akasema milimani, na marumaru. Nikauliza kwa njia ipi. Akasema kwaheri.

Jumamosi, 13 Juni

Nimekwenda kiwandani kumwambia yule mama kuwa nimepata nafasi kubwa zaidi. Akanipongeza, akauliza gari gani nitaendesha. Nikasema kuendesha ni neno pana. Akanitazama muda mrefu, akanifungia mkate kwenye gazeti, akasema pole mwanangu. Sijui pole ya nini.

Dada hakuwa mpole hivyo. Alisema amewaona watu wakishushwa cheo, lakini huyu wa kujishusha mwenyewe, tena kwa mbio, ndiye wa kwanza. Gari la mikate ulipewa, akasema. Funguo ulipewa. Nikajaribu kumweleza jinsi Shangazi anavyotetemeka kidogo kabla ya mlima, kama mtu anayejipa moyo. Akaingia jikoni. Kisha akauliza kutoka huko, kwa sauti ndogo, kama nina soksi nzito za milimani.

Shemeji kasema utingo hulala kwenye lori. Amefurahi sana. Kochi limeshawekewa mapazia.

Jumapili, 14 Juni

Nimemwosha Shangazi tangu alfajiri, hata sehemu ambazo hakuna anayeziona. Kesho tunaondoka. Nimekaa kidogo upande wa abiria kujizoesha. Usukani uko mbali kuliko nilivyodhani. Ni mkono mmoja tu, lakini mbali. Mguu wa kushoto hauna kazi huku, ukawa unakanyaga sakafu taratibu.

Mtanashati kapita kukagua vioo. Kwa bahati, kafungua mdomo: akishiba maharage, anasema, usingizi humchukua hata akiwa amesimama, ndiyo maana safarini hula biskuti tu.

Nimerudi nyumbani mbio kumwomba dada sufuria kubwa. Tajiri alisema nisiguse usukani, lakini nani atamwambia? Mtanashati atakuwa amelala.

Maharage yako motoni. Ni mpango mzuri. Sioni kasoro.